Handaki la Salaita kwa maboksi, trei za mayai na waya wa intaneti

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Taita Taveta. Wanafunzi wangu wanataka kutengeneza diorama, yaani modeli ya tukio juu ya ubao, ya mapigano ya Salaita katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Februari 1916, kwa vitu vya kutupwa tu, maana hatuna fedha za kununua vifaa vya modeli. Tulijaribu kwa boksi, udongo wa shambani na uji wa ngano kama gundi. Boksi lilijikunja, udongo ukapasuka, na haukupita muda ukaota ukungu. Askari tuliowafinyanga kwa udongo walitoka kama vikaragosi. Tulikosea wapi, na tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, takataka hazina kosa. Yaliyowashinda ni mawili: maji na skeli. Boksi, karatasi na udongo hunywa maji, hutanuka, kisha husinyaa vinapokauka, na kujikunja, kupasuka na ukungu vyote vimetoka hapo. Vikaragosi navyo vimetoka kwenye skeli, kwa sababu mkono wa mfinyanzi asiye na rula daima hukuza kichwa na viganja. Tuanze na skeli, kwa kuwa ndiyo inayoamua kila kipande kitakachokatwa baadaye.

Chukueni 1:35. Maana yake kila sentimita ya kweli mnaigawa kwa 35. Mtu wa mita 1.70 anakuwa milimita 49, karibu urefu wa kidole kidogo cha mtu mzima. Skeli ya 1:72 inabana nafasi vizuri, lakini mtu wake ni milimita 24 tu, na kumtengeneza kwa mkono bila vifaa ni kazi ya kuumiza macho. Ubao wa sentimita 40 kwa 30 katika 1:35 unawakilisha eneo la mita 14 kwa mita 10 na nusu. Hapo ndipo wengi huharibu kazi: wanataka kuweka mlima, handaki, jeshi la washambuliaji, mizinga na mbuyu katika mita 14. Haiingii. Mbuyu wa shina la mita 4 peke yake utakuwa na unene wa sentimita 11 na utameza kila kitu.

Kwa hiyo chagueni kipande kimoja cha tukio. Kwa Salaita kipande hicho kinajitokeza chenyewe. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na wakajiimarisha kwenye kilima cha Salaita, kando ya njia ya Voi kwenda Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya pili ya watembea kwa miguu wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, ilishambulia kutoka mashariki na ikarudishwa nyuma, huku Wabaluchi wa jeshi la India wakiwakinga waliokuwa wakirudi. Mahandaki yaliyoonekana juu ya kilima yalikuwa ya kudanganyia. Askari wenyewe walikuwa wamejichimbia chini, penye kichaka. Kwa mwenye ubao mdogo hiyo ni bahati, maana huhitaji kilima. Unahitaji mita 14 za handaki la chini, ardhi kame mbele yake, na askari wanaongoja au wanaopiga.

Na washambuliaji? Waacheni nje. Mtu aliyekuwa mita 200 mbele ya handaki angesimama mita 5 na sentimita 70 nje ya ubao wenu, yaani pengine nje ya darasa. Mkimweka sentimita 20 mbele ya bunduki mtakuwa mmesema kwamba alifika mita 7 kutoka handakini, ilhali shambulio lenyewe lilirudishwa nyuma. Mbele ya handaki wekeni kichaka kitupu.

Kabla ya kukata chochote, andikeni jedwali la vipimo na mlibandike ukutani. Handaki la kusimama mtu kifuani, kina cha mita 1.40: sentimita 4. Upana wake chini, sentimita 75: milimita 21. Bunduki fupi ya Kijerumani ya modeli ya 71, mita 1.24: milimita 35. Debe la maji la lita 18, takriban sentimita 24 kwa 24 kwa 35: milimita 7 kwa 7 kwa 10. Mkanda wa kiunoni wa sentimita 4 na nusu: milimita 1.3. Mwanafunzi anayekata debe la milimita 15 anakuwa ametengeneza pipa, na ataliona kosa mara moja akilinganisha na jedwali.

Sasa ubao. Boksi la kawaida lina mifereji ndani inayoelekea upande mmoja, na hujikunja kirahisi kuufuata mfereji. Kateni vipande vinne vya sentimita 40 kwa 30, viwili mifereji ikiwa wima na viwili ikiwa ya kulala, mvipange kwa kupishana, mvigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba kwa kipande cha kadi, kisha mweke vitabu vizito juu kwa siku mbili. Plaiwudi ya mgongo wa kabati bovu ni bora kuliko hilo, ikipatikana. Lakini hata plaiwudi nyembamba itajikunja msipofanya jambo moja: kila kinachopakwa juu, kipakwe na chini. Tabaka la maji upande mmoja likikauka husinyaa na kuuvuta ubao ukunje kingo zake juu. Tabaka kama hilo upande wa pili huvuta kinyume, na ubao unabaki sawa. Kwa hiyo pakeni mabaki ya rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, mara mbili, kabla ya kuweka chochote chenye maji. Mkikosa rangi ya mafuta, gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ikifuatwa na karatasi za gazeti zilizogandishwa chini ya ubao, inafaa kiasi.

Handaki halichimbwi; ardhi ndiyo inayopandishwa kulizunguka. Chukueni stairofomu nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, mkate mabamba ya sentimita 1, na mpange manne mahali pote isipokuwa pale handaki linapopita. Sakafu ya handaki inakuwa ubao wenyewe. Choreni handaki likiwa na kona, si mstari mnyoofu. Kona huzuia risasi na vipande vya bomu kusafiri urefu wote wa handaki, na kwa macho ya mtazamaji huficha kwamba ubao ni mdogo. Lisilingane na kingo za ubao: lipite kwa mshazari, kutoka kona moja ya nyuma kuelekea ubavu wa mbele. Stairofomu hukatwa vizuri kwa wembe mpya uliopakwa sabuni kavu. Wembe butu hung'oa punje. Msipake juu yake rangi ya kupuliza wala gundi ya viatu, kwa sababu viyeyusho vilivyomo huila na kuacha mashimo. Gundi nyeupe hukauka polepole sana katikati ya mabamba mawili ya stairofomu, kwa vile hewa haipiti. Chomeni vijiti vya meno kuyashikanisha na mwendelee na kazi.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyowapasukia. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana zinazoshika maji mengi kati yake, na maji yakitoka tabaka zima hujivuta. Likiwa nene, juu hukauka kwanza na kubana wakati ndani bado ni bichi, kisha hupasuka. Dawa ni tatu kwa pamoja: mchanga badala ya mfinyanzi, nyuzi za kushikilia, na tabaka jembamba. Loweka trei tano za mayai usiku kucha, zipondwe kwenye kinu au zikandwe kwa mikono mpaka ziwe rojo, kisha mkamue kwa kitambaa mpaka zisidondoshe maji. Kwa kila vikombe viwili vya rojo hilo lililokamuliwa, tieni kikombe kimoja cha mchanga laini mkavu, kikombe kimoja cha unga wa jasi au wa kusawazishia kuta, na nusu kikombe cha gundi nyeupe. Kandeni kama unga wa chapati. Pakeni unene wa milimita 3, usizidi 5, mwache kivulini hadi pakauke kabisa, ndipo mwongeze tabaka jingine mahali panapotaka mwinuko. Msianike juani. Jua ndilo linalokausha juu kabla ya chini. Jasi nayo ikichanganywa huanza kushika ndani ya dakika chache, kwa hiyo changanyeni kidogo kidogo.

Kama mchanga ni wa ufukweni, uosheni kwa maji baridi mara tatu na kuukausha. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani na baada ya muda hutoa unga mweupe juu ya rangi.

Uji wa ngano si gundi mbaya, lakini ni chakula. Ukungu unaujua, mende wanaujua. Kama gundi nyeupe ni haba, tumieni uji kwa matabaka ya gazeti ya ndani tu, na katika kila vikombe viwili vya uji uliopoa tieni kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa au matone machache ya mafuta ya karafuu. Yasiwe kisingizio cha kufunga kazi ikiwa bado mbichi, maana tabaka lililofunikwa na rangi likiwa na maji ndani litaota ukungu hata kama lina karafuu. Kipimo rahisi: wekeni shavu juu yake. Pakiwa baridi kuliko meza, ndani bado kuna maji.

Kuta za handaki zipakwe rojo lile lile, kisha kabla halijakauka zichorwe kwa ncha ya uma uliovunjika, michirizi ya kwenda chini, kama alama za jembe na sururu. Udongo uliotolewa hutupwa mbele na kutengeneza tuta la milimita 8 hadi 10. Tuta hilo lifunikwe kwa matawi, kwa kuwa kazi yake ni kujificha. Msijaze mifuko ya mchanga kila mahali kwa sababu mmeiona kwenye picha za Ufaransa. Hapa mawe, magogo na uzio wa miiba iliyokatwa ndivyo vinavyolingana na mahali. Magogo ni chelewa za ufagio wa makuti au vijiti vikavu vyenye gome, vya unene wa milimita 3 hadi 4, yaani sentimita 10 hadi 14 za kweli.

Kwa rangi ya ardhi mna faida ambayo mtu wa mbali hana: udongo wenyewe mnaukanyaga kila siku. Ukaangeni kwenye kikaango kikavu dakika kumi kuua mayai ya wadudu, kisha uchujeni kwa wavu wa mbu, na mara ya pili kwa soksi ya nailoni. Punje ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 3 na nusu katika skeli yenu, kwa hiyo kilichopita wavu wa mbu ni kokoto na kilichopita soksi ndio udongo. Udongo ukishikwa na gundi huiva rangi na kuwa mweusi zaidi. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha kadi, na mkiona umekolea sana changanyeni na mchanga mweupe kidogo. Mkikosa wekundu wa kutosha, unga wa oksidi nyekundu wa kupakia sakafu huuzwa kwa vipimo vidogo dukani. Robo ya kijiko cha chai katika kikombe cha rangi nyeupe ya ukuta ni nyingi tayari. Ndani ya handaki udongo uwe mpauko kidogo kuliko juu, na ule wa tuta uwe mchanganyiko.

Kuushika udongo juu ya ubao, pakeni gundi, nyunyizeni udongo kwa kichujio cha chai, subirini pakauke, kungʼuteni uliobaki. Halafu pulizieni mchanganyiko wa gundi sehemu moja na maji sehemu tatu, wenye tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa chupa ya kupulizia iliyoisha dawa ya vioo. Tone hilo lisiachwe. Bila sabuni, maji hujikusanya kuwa matone yanayoviringika juu ya vumbi na kulibeba, na mnabaki na ardhi yenye madoa ya chui.

Februari pale ni ukame wa jua kali. Vichaka vingi vimepukutisha majani, nyasi zimekauka. Kwa hiyo rangi ya kijani iwe chache sana. Nyika ya mwezi huo ni kijivu, kahawia na manjano ya nyasi. Nyasi: nyuzi za katani kutoka kamba kuukuu, zikatwe milimita 10 hadi 14, zichovywe ncha moja kwenye gundi na kusimikwa kwa kibano katika mashungi ya nyuzi kumi au kumi na tano, yaliyotawanyika bila mpango. Msipande shamba zima. Vichaka: mizizi myembamba ya nyasi au ya maua yaliyong'olewa, ioshwe, ikauke, isimikwe kichwa chini, kwa sababu namna inavyogawanyika inafanana kabisa na matawi ya migunga isiyo na majani. Uzio wa miiba utoke kwenye mizizi hiyo hiyo iliyofungamanishwa na nyuzi za makumbi ya nazi, kimo cha milimita 30 hadi 35, mbele ya handaki. Makapi ya chai yaliyokaushwa sawasawa kwenye sufuria ni majani makavu mazuri chini ya kichaka, mradi yasizidi. Steel wire ya kusugulia sufuria iachwe jikoni. Hushika kutu na kuchafua ardhi.

Tuje kwa watu, palipo na kazi kubwa. Msifinyange mtu mzima kutoka donge. Tengenezeni mifupa kwanza. Kipande cha waya wa intaneti kilichotupwa kina nyuzi nane za shaba ngumu za nusu milimita kila moja. Vueni plastiki, msokote nyuzi mbili pamoja. Msokoto huo una nguvu ya kutosha kusimamisha sanamu na mikunjo yake hushika nyama ya sanamu, yaani donge la kufinyangia, isiteleze. Vipimo vya mtu wa milimita 49: kichwa milimita 6 na nusu, shingo 2, kutoka bega hadi nyonga 17, kutoka nyonga hadi kisigino 23 na nusu, mkono mzima kutoka bega hadi ncha za vidole 21, upana wa mabega 12. Choreni mtu huyo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na kila mwanafunzi alaze waya wake juu ya mchoro. Acheni sentimita 1 ya waya ibaki chini ya mguu mmoja ili ichomwe kwenye ardhi. Sanamu iliyogandishwa nyayo tu huanguka diorama ikibebwa.

Pindeni mkao kabla ya kuweka nyama. Mtu anayelenga bunduki handakini huegemea ukuta wa mbele kwa kifua, mguu mmoja nyuma, kichwa kimelala kwenye kitako cha bunduki. Mkimfanya asimame wima kama kwenye gwaride, atakuwa amesimama tu karibu na bunduki. Mpeni mmoja au wawili kazi isiyo ya kupiga: kupokea risasi, kunywa maji, kumvuta mwenzake. Kwa mita 14 za handaki watu sita hadi wanane wanatosha pamoja na bombom moja, yaani bunduki ya rashasha.

Nyama yake: kikombe kimoja cha wanga laini wa mahindi au wa muhogo, kikombe kimoja cha gundi nyeupe, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia na viwili vya maji ya limau. Koroga kwenye moto mdogo katika sufuria ya zamani mpaka kijikusanye na kuachana na sufuria, kisha kanda kikiwa vuguvugu na ukifunge kwenye plastiki. Kinafinyangika vizuri na kikikauka ni kigumu. Kasoro yake ni kusinyaa, kwa hiyo pakeni kwa matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likikauka kabla ya linalofuata. Chumvi na unga wa ngano, ule mchanganyiko wa watoto wa chekechea, usitumike: hunywa unyevu na kulainika msimu wa mvua. Kichwa kiwe yai dogo, si mpira, na uso uwe na mambo matatu tu: kivuli cha macho, pua, kidevu. Kwa milimita 6 na nusu, anayejaribu kuchonga mboni anatengeneza kinyago.

Nguo ni karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi nusu kwa nusu na maji, ikivalishwa juu ya mwili uliokauka, na mikunjo isukumwe kwa kijiti cha meno. Mapaja yawe yamevimba kidogo kwa suruali, halafu chini ya goti kuna kitambaa cha kuzungushia mguu: ukanda wa karatasi wa milimita 3 unaozungushwa kwa kupishana kutoka kifundoni hadi gotini. Askari wa jeshi la Wajerumani, la Schutztruppe, alivaa kaki na kofia mfano wa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye alama ya tai mbele na kipande cha kukinga shingo nyuma. Mkono huteleza hapa, watu wakamvika tarbushi ndefu ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza, waliyoiona kwenye picha nyingine, na diorama ikawa na watu wa upande wa pili. Viatu wachanganyeni: wengine nao, wengine miguu mitupu. Wazungu wachache kati yao walivaa kofia ya jua au ya ukingo mpana.

Bunduki: chelewa iliyochongwa kwa wembe kuwa kitako na mti, na juu yake uzi mmoja wa ule waya wa nusu milimita kuwa mtutu. Nusu milimita ni sawa na milimita 17 na nusu, karibu kabisa na unene wa mtutu wa kweli. Mabaki yake yakikatwa milimita 1.7 yanakuwa maganda ya risasi ya modeli ya 71. Mwageni kama ishirini kwenye sakafu ya handaki, penye askari anayepiga tu. Kwa bombom, silinda ya maji ya kupozea mtutu ni mrija wa wino wa kalamu ya Bic, milimita 3, uliokatwa milimita 20. Uoshwe wino kwa spiriti kwanza, la sivyo wino utapenya rangi yoyote mtakayopaka.

Moshi una historia yake. Askari wengi wa Schutztruppe walianza vita na bunduki za 1871 zinazotumia baruti nyeusi, na kila risasi ilitoa wingu jeupe lililomfichua mpigaji. Wengine walipata za kisasa, zikiwemo mamia waliyoyateka Tanga, Novemba 1914, na hizo hazina wingu. Kwa hiyo askari mmoja au wawili wapewe moshi na wengine wasipewe. Pamba ivutwe mpaka uone kupitia kwake, ianze nyembamba mdomoni mwa mtutu na kupanuka mbele, ipakwe gundi iliyozimuliwa sana na mguso wa kijivu chini. Donge la pamba linabaki donge la pamba, hata likipakwa rangi gani.

Rangi zote ziwe za maji, zisizong'aa: mabaki ya rangi ya ukuta yanatosha. Kaki ni nyeupe sehemu nne, manjano ya udongo mbili, kahawia moja, na tone la nyeusi. Kwa nguo zilizofuliwa na kupigwa jua ongezeni nyeupe kidogo kwenye mabega na magoti. Ngozi iangalieni kwa makini, kwani maelekezo mengi ya uundaji modeli yameandikwa kwa ngozi nyeupe na hufundisha kung'arisha kwa kuongeza rangi nyeupe. Ngozi nyeusi ikiongezwa nyeupe huwa kijivu kama iliyopauka kwa baridi. Anzeni na kahawia nzito iliyotiwa nyeusi kidogo. Kwenye paji, pua, mashavu na vifundo vya mikono ongezeni oksidi nyekundu na manjano. Vivuli viwe kahawia iliyokolea yenye bluu kidogo, nyeusi tupu huua uso. Na watu wanane wasiwe wa rangi moja, kama wasivyo popote.

Nyuma ya handaki, upande wa magharibi, ndiko njia ya maji. Mto Lumi uko upande wa Taveta, na eneo lenyewe ni kame, kwa hiyo wapagazi wawili wenye madebe wakitokea nyuma wanaeleza vita ile kuliko mzinga wowote. Debe ni kadi nyembamba ya boksi la dawa ya meno lililogeuzwa ndani nje, lililofunikwa karatasi ya fedha ya sigara, kisha kuchafuliwa kwa kahawia. Bati la kopo la soda linafaa pia ila kingo zake hukata vidole, likatwe na mtu mzima. Mzigo wa kichwani huinamisha shingo mbele kidogo na kunyanyua mkono mmoja. Mnara wa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa vita hivyo pale Nairobi una mpagazi wa kumwangalia.

Mkitaka mandharinyuma, chukueni kadi kubwa ya rangi moja, mwipinde kidogo pembeni. Mtazamaji akisimama upande wa mashariki, anapotokea mshambuliaji, Kilimanjaro iko nyuma ya walinzi, kuelekea kaskazini-magharibi, umbali wa takriban kilomita 60. Kilele chake ni mita 5,895 na nyika ya pale ni kiasi cha mita 5,000 chini yake, kwa hiyo kwa jicho lililo sentimita 60 kutoka kwenye kadi mlima una kimo cha sentimita 5 tu, nao ni mpana mno kuliko kimo hicho. Wengi huuchora sentimita 20 na kuugeuza pembetatu. Upakeni bluu iliyofifia, karibu na rangi ya anga, au mchore mawingu tu mahali pake. Nyinyi mnaoishi huko mnajua ni mara ngapi hauonekani.

Mpangilio wa kazi: ubao na stairofomu wiki ya kwanza, rojo na kukauka wiki ya pili, huku kundi jingine likitengeneza watu kando. Kabla ya kugandisha mtu yeyote, simikeni sanamu zote za waya mtupu kwenye stairofomu na mzitazame kwa macho yaliyo usawa wa ubao. Anayeziba mwenzake ahamishwe hapo. Udongo hutangulia mimea, mimea hutangulia watu, na vumbi jembamba la mwisho, poda ya watoto iliyochanganywa na oksidi kidogo, hupakwa kwa brashi kavu juu ya miguu, ukingo wa handaki na madoa yoyote ya gundi yanayong'aa. Kisha funikeni kwa plastiki safi iliyoinuliwa na fremu ya chelewa nene, mwache upenyo wa milimita 5 chini ili unyevu utoke, na mweke ubao juu ya meza ambayo miguu yake haigusi ukuta, kwa ajili ya mchwa.